Ukivujwa na mkojo baada ya kujifungua, usikae kimya

Unakohoa, unacheka au unanyanyua ndoo ya maji, mara mkojo unatoka kidogo bila kutaka. Wanawake wengi waliojifungua hupatwa na hali hii, ila kwa aibu hawamwambii hata mume.

Chanzo huwa ni kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi. Ujauzito huilemea, na mtoto anapopita ukeni huvutika, wakati mwingine huchanika, hasa akiwa mkubwa au akivutwa kwa vyombo.

Je, upasuaji ni kinga? Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha wanawake zaidi ya 15,000 wenye umri chini ya miaka 65. Kati ya kila 100 ambao hawajawahi kuzaa, 10 walivujwa na mkojo. Kwa waliojifungua kwa upasuaji pekee walikuwa karibu 16, na kwa njia ya kawaida pekee 21.

Kwa hiyo upasuaji hupunguza hatari, hauiondoi. Usiuombe kwa sababu hii tu, kwani una madhara yake: maambukizi, kupoteza damu nyingi, na kondo kujishikiza kwenye kovu katika mimba zijazo. Lakini daktari akisema unahitajika kuokoa maisha, usikatae.

Unachoweza kufanya ni mazoezi, hata ukiwa bado mjamzito. Bana misuli kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu hadi tano, kisha legeza. Rudia mara 10, mara tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu. Usizuie pumzi wala kukaza makalio, na usifanye hivyo wakati unakojoa.

Mkojo ukitoka mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haiponi kwa mazoezi. Wahi hospitali, tundu dogo likigundulika mapema huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo, na mengine hushonwa. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, ukienda kliniki, mweleze mkunga.