Tezi Ndogo Yenye Kazi Kubwa

Mtoto akizaliwa, mifupa yake ni mifupi na laini. Miaka inapita, naye anarefuka. Nani anaiamuru mifupa ikue? Na mama akiisha kuzaa, nani anaamuru maziwa yaje?

Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, nyuma ya pua, mna shimo dogo katika mfupa. Humo imelala tezi moja, jina lake pituitari. Ni ndogo kama punje ya karanga. Uzito wake ni karibu nusu gramu. Tezi hiyo haina sauti. Hutuma maagizo yake kwa njia ya damu. Maagizo hayo huitwa homoni. Damu huyapeleka mwilini mwote, na kila kiungo hushika agizo linalokihusu.

Kukua

Agizo moja ni homoni ya kukua. Inafika kwenye ini, na ini nalo hutoa homoni nyingine ya kuisaidia mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto mna sehemu laini: hapo ndipo mfupa unapoongezeka. Mtu akiisha kukomaa, sehemu hiyo huwa ngumu, naye harefuki tena.

Tezi hutoa homoni hiyo zaidi usiku, mtoto akiwa katika usingizi mzito. Lakini agizo peke yake halitoshi. Mwashi hajengi nyumba bila matofali, na mwili haujengwi bila chakula. Maharagwe, samaki, mayai na mboga ndiyo matofali yake.

Homoni ikipungua sana, mtoto hubaki mfupi. Ikizidi, hupita kipimo. Huko Marekani alizaliwa Robert Wadlow, mwaka wa 1918. Pituitari yake ilitoa homoni nyingi mno, akafika meta 2 na sentimeta 72. Miguu yake ikawa dhaifu, ikafungwa vyuma ili aweze kutembea. Alikufa mwaka wa 1940, mwenye miaka 22, naye alikuwa angali anakua. Siku hizi waganga wanaweza kuwatibu watoto wengi wenye ugonjwa wa tezi hiyo, wakiletwa mapema.

Maziwa

Mtoto anyonyapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari kutoka titi mpaka ubongo. Mara pituitari hutuma homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huagiza matiti yatengeneze maziwa. Ya pili, oksitosini, huvikaza vifuko vidogo vya maziwa, nayo maziwa hushuka. Wachungaji wanalijua jambo hilo tangu zamani: humwacha ndama anyonye kwanza kidogo, ndipo wanapomkamua ng'ombe.

Basi, mtoto mwenyewe ndiye anayeita maziwa. Akinyonya mara nyingi, mchana na usiku, maziwa huongezeka. Ndiyo sababu mama wa mapacha aweza kuwanyonyesha wote wawili.

Pengine mama huona mtoto analia, akafikiri: «Maziwa yangu ni machache.» Anampa uji mapema. Mtoto anashiba uji, hanyonyi sana. Tezi haipati habari, nayo inapunguza maagizo. Maziwa yanapungua kweli, na mtoto anaweza kudhoofika. Yafaa mama huyo amnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kuuliza shauri kwa mwuguzi. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha mtoto. Hata maji hayahitaji. Baadaye anapewa vyakula vingine, akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Tena uchungu na mahangaiko huweza kuzuia maziwa yasishuke. Mtoto mkubwa anayemtekea mama maji na kumchanjia kuni anampa nafasi ya kuketi na kunyonyesha. Hivyo anamsaidia pia mdogo wake apate kukua.

Maulizo
1. Pituitari iko wapi? Ina ukubwa gani?
2. Kwa nini mtoto anahitaji usingizi na chakula pia?
3. Mtoto akipewa uji mapema, maziwa ya mama hupungua. Kwa sababu gani?
4. Nyumbani unaweza kumsaidiaje mama anayenyonyesha?