Daraja Linaanzia Mlimani

Mvua zetu zinaanza Septemba na kumalizika Mei au Juni. Miezi hiyo yote sisi wa Katana tunategemea barabara moja: barabara ya kitaifa namba 2, inayotoka Bukavu, inapita Kavumu, inafika kwetu, kisha inaendelea Kalehe na Minova mpaka Goma. Maharagwe, ndizi na sambaza zinapita humo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anapita humo kwenda hospitali. Ikikatika kwenye mto mmoja tu, soko linasikia, na jungu la nyumbani linasikia pia. Kwa hiyo juma hili tunazungumza juu ya kazi ya mainjinia wa barabara na madaraja: wanafanya nini ili kazi yao isimame mbele ya mvua kali za siku hizi, na sisi wamama tuna fungu gani ndani yake.

Somo la majirani zetu

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe. Mvua kubwa ilinyesha milimani, na mito ikatelemka na matope, miti na mawe makubwa mpaka Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei nchi nzima ilifanya maombolezo. Juma lile lile, ng’ambo ya ziwa, Rwanda ilipoteza watu zaidi ya 130.

Tuangalie vizuri: kilichovunja nyumba hakikuwa maji peke yake. Mlima wenyewe ulitelemka. Mteremko ukikosa miti na mizizi, udongo hauna wa kuushika.

Tena, uwanda tambarare mahali mto unapoingia ziwani unatuvutia. Unalimika, unajengeka, soko linakaa vizuri. Lakini ni mto ule ule uliouleta udongo huo, gharika moja baada ya nyingine. Injinia akiona mawe makubwa ya mviringo shambani, mbali na mto, anajua kwamba maji yalishafika pale. Wazee walisema maji hufuata mkondo.

Injinia anauliza nini kwanza?

Kabla ya kununua simenti, injinia mzuri anapanda mlima. Anataka kujua ni eneo gani linaloteremshia mto huu maji, mteremko ni mkali kiasi gani, udongo ni wa namna gani, na mvua inaweza kunyesha kiasi gani katika saa moja. Majibu hayo ndiyo yanayompa upana wa mdomo wa daraja.

Utasikia akisema, “Daraja hili ni la mvua ya miaka 50.” Wengi tunafikiri mvua hiyo ikishapita tutapumzika miaka 50. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 50 kuipata, hata kama ilinyesha mwaka jana. Kwa mtoto anayezaliwa leo, mpaka afikishe miaka 30, nafasi ya kuiona ni karibu nusu kwa nusu.

Na vipimo vya zamani havitoshi tena. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo unarudi kama mvua nzito. Kwa hiyo anayejenga leo anatakiwa kuongeza upana juu ya hesabu ya jana. Shida ni kwamba vipimo vya mvua kwetu ni vichache. Wanasayansi waliochunguza mvua za Mei 2023 kuzunguka ziwa Kivu walishindwa kusema mabadiliko ya hali ya hewa yalichangia kiasi gani, kwa sababu ya upungufu wa takwimu.

Alama za kazi inayodumu

Barabara nzuri ina mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, na mitaro iliyojengwa kwa mawe. Nguzo za daraja zimeingia chini sana, kwa sababu mto wenye hasira unachimba miguu ya daraja kabla ya kulisukuma. Kingo za mto zinalindwa na gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Gabioni inapitisha maji, inapinda kidogo bila kuvunjika, na mawe yake yako hapa hapa. Vijana wetu wanaweza kuipanga.

Huko juu, ndani ya makorongo, kunajengwa vizuizi vidogo vya mawe au miti ili kupunguza mwendo wa maji. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya maji inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kulituliza maji juu ni rahisi kuliko kupigana nayo chini.

Wamama wa Machakos

Kazi hiyo ya juu haingoji mashine. Huko Kenya, milima ya Machakos katika miaka ya 1930 ilikuwa imejaa makorongo. Baadaye wanakijiji, katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambamo wamama walikuwa wengi, walichimba matuta kwa majembe, mlima kwa mlima. Kufikia 1990 watu wa eneo lile walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua. Mtindo wao unaitwa “fanya juu”, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya mainjinia duniani.

Kifaa chake ni miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning’inia kutoka kileleni. Simamisha miguu yake mahali tambarare, uweke alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Kisha tembea nacho kwenye mteremko: kila kamba inaporudi kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja, na hapo unapigilia kijiti. Fuata vijiti, chimba mtaro, tupa udongo upande wa juu, halafu panda majani ya mbuzi juu ya tuta. Udongo unabaki shambani, na mbuzi wanakula.

Fungu letu

Mradi wa barabara au daraja ukifika kwetu, tuulize maswali matatu mbele ya watu wote. Hili limepimwa kwa mvua ya miaka mingapi? Maji ya mtaro huu yanaishia kwenye shamba la nani, au nyumba ya nani? Nani atasafisha kila mwaka, na kwa pesa gani?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Tundu la chini ya barabara likijaa plastiki na matope ni sawa na tundu ambalo halipo. Salongo ya mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijarudi, ilinde mitaro yetu.

Tuanze pia kupima mvua. Weka nje kopo lenye pande zilizonyooka, pima kila asubuhi, andika kwenye daftari la kikundi. Milimita moja ni litre moja kwa kila metre ya mraba. Mvua ya milimita 40 juu ya bati la metre za mraba 30 ni litre 1200, yaani bidoni 60 za litre 20. Hesabu hiyo ni ya bati moja tu; fikiria mlima mzima.

Mwisho, tuwafundishe watoto. Mvua ikiwa inanyesha na mto ukapungua ghafla, huenda umezibwa huko juu na utatelemka kwa kishindo. Maji yakigeuka matope mazito, au ikisikika ngurumo ya mawe, usingoje kukusanya vyombo. Beba mtoto, acha mto upande mmoja, panda juu.