Kwa nini sabufa huungua ukiongeza spika

Kila msimu wa kuuza pamba, ujumbe wa namna moja huongezeka hapa studio. Mtu wa Dutwa au Ngulyati, au ndugu zetu wa Itilima na Maswa, kanunua sabufa au amplifaya ya sebuleni na imepiga vizuri wiki kadhaa. Ikaja harusi. Akaazima spika mbili kwa jirani, akazichomeka pale pale zilipo za kwanza, muziki ukanoga. Saa nne usiku ikawa kimya, na harufu ya kitu kilichoungua. Sasa anauliza kama aliuziwa feki.

Feki zipo, hatukatai. Lakini mara nyingi mashine ilikuwa nzima, ila imebebeshwa mzigo usio wake. Na kwa kuwa mzigo wenyewe huenda kinyume na unavyodhaniwa, tumeona tuuandikie kwa nafasi zaidi ya tunayoipata hewani.

Geuza spika yako uangalie nyuma. Pembeni ya wati utaona namba 4, 6 au 8 ikifuatiwa na alama hii: Ω. Inasomwa omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Jina limetokana na Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Wanunuzi wengi huuliza wati tu, namba ya omu hawana habari nayo. Kwa usalama wa amplifaya, hiyo ndiyo ya kwanza kuangalia.

Kanuni yake ni hii: chukua volti, gawanya kwa omu, utapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Tuseme amplifaya inasukuma volti 20. Ukiweka spika ya omu 8 zinapita ampea 2.5, na hizo ni wati 50. Ukiweka ya omu 4 zinapita ampea 5, wati 100. Ukishuka hadi omu 2 zinapita ampea 10, wati 200. Kitufe cha sauti hujakigusa, lakini amplifaya inadaiwa umeme mara nne ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo mzigo mzito. Fikiria pampu ya kisima: bomba likiwa jembamba maji yanapita kidogo na pampu haisumbuki. Fungua mabomba manne kwa pamoja, na wewe unataka presha ileile, pampu itaunguruma hadi ichemke.

Sasa turudi kwenye harusi. Ukichomeka spika ya pili palipo ya kwanza, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, mafundi wanasema umeunga sambamba. Umeme umepata njia mbili, hivyo omu hazijumlishwi, zinapungua. Spika mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2. Ya 8 na ya 4 kwa pamoja ni kama 2.7. Amplifaya nyingi za nyumbani zimeandikwa nyuma kwamba zinakubali omu 4 hadi 8, au 6 hadi 16. Ukizipa omu 2, trafo na transista zinatoa umeme ambao hazikuundiwa, na ziada inageuka joto. Zile zenye ulinzi mzuri hujizima zenyewe, taa ikawakawaka. Mtu anaizima, anaiwasha, anaendelea, mpaka siku ulinzi unashindwa. Transista ikifa vibaya inaweza kupeleka umeme mnyoofu moja kwa moja kwenye spika na kuziunguza nazo. Hapo na za jirani zimekwenda.

Ukipima spika ya omu 8 kwa mita ya fundi utasoma kama 6, na ya omu 4 utasoma kama 3 na kitu. Usidhani ni mbovu. Mita inapima waya ukiwa umetulia. Muziki unapopiga, uzuiaji unapanda na kushuka kulingana na besi na sauti nyembamba, na namba iliyoandikwa ni ya kukadiria. Kuna sauti ambazo mzigo wake ni mzito kuliko hiyo namba, ndiyo maana ukikaa mpakani kabisa huna usalama.

Njia nyingine ya kuunga ni mfululizo: nyekundu ya amplifaya iende nyekundu ya spika ya kwanza, nyeusi ya spika hiyo iende nyekundu ya pili, na nyeusi ya pili irudi kwenye amplifaya. Hapo omu zinajumlishwa, 4 na 4 zinakuwa 8. Sauti itapungua kidogo lakini mashine italala salama. Mwenye spika nne za omu 8 anaweza kuziunga mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili sambamba, akarudi kwenye omu 8 zilezile. Ziwe za aina moja, la sivyo moja itapiga kelele na nyingine itanong'ona.

Wenye amplifaya za gari zinazotumia betri ya sola ya volti 12 wawe waangalifu zaidi. Ukiunganisha njia zake mbili zipige spika moja, kila upande unaona nusu ya omu za spika hiyo. Spika ya 4 inakuwa kama ya 2.

Tuseme na hizi wati za kwenye maboksi. Ukiona 12,000 P.M.P.O., tafuta nyuma ya mashine palipoandikwa inakula wati ngapi za umeme. Kama inakula 80, haiwezi kupiga muziki mfululizo kwa zaidi ya hizo 80. Ng'ombe hakamuliwi maziwa mengi kuliko alivyokula na kunywa. Pia sikio halihesabu kama mashine: ili usikie sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hiyo kushuka kutoka omu 4 hadi 2 ni hatari kubwa kwa faida ndogo.

Kwa uwanja mkubwa, azima amplifaya ya pili, kila moja ibebe spika zake, na muziki uingie kwa waya wa kugawa kutoka kwenye simu. Vua kile kitambaa cha kufuma juu ya mashine, maana matundu yake ni ya kutolea joto, na kiangazi vumbi letu tayari limeyaziba nusu. Gusa boksi kila baada ya nusu saa. Mkono ukishindwa kukaa, punguza sauti au toa spika. Fyuzi ikikatika, weka yenye namba ileile. Ukifunga waya badala yake, kitakachokatika safari ijayo kitakuwa trafo, na trafo ikiwaka moto ndani ya nyumba ya nyasi hakuna atakayeuliza habari za omu. Na kabla ya kushika waya wowote, chomoa plagi ukutani.