UA LA ALIZETI NA ULIMI WA NYUKI

Wakulima wengi wa alizeti wamepata kuliona jambo hili: kichwa cha alizeti ni kikubwa na cha kupendeza, lakini kikipurwa hutoka mapepe mengi. Mapepe hayana mafuta, wala hakuna mwenye kinu atakaye kununua maganda matupu. Sababu yaweza kuwa ukame au udongo mbaya. Lakini yaweza pia kuwa nyuki hawakulizuru shamba ipasavyo.

Kichwa cha alizeti si ua moja, bali ni mkusanyiko wa vijiua vidogo mamia kwa mamia. Vile vya pembeni vyenye majani ya manjano havizai mbegu. Kazi yake ni kuwaita nyuki kutoka mbali. Vya katikati ndivyo vizaavyo. Huchanua duara baada ya duara, kutoka ukingoni kuelekea ndani. Kila kijiua hutoa kwanza chavua, yaani unga wa manjano, na baadaye hufungua sehemu ya kike ipokeayo unga huo. Chavua ya alizeti ni nzito na hunata, kwa hiyo upepo hauifikishi mbali; mchukuzi wake ni nyuki. Aina nyingine za kisasa zaweza kujichavusha zenyewe, lakini hata hizo mara nyingi huzaa zaidi zikizuriwa na nyuki.

Kila kijiua ni kama kimrija chembamba, na maji matamu ayatakayo nyuki yamo chini kabisa. Ulimi wa nyuki wa asali una urefu wa milimita 6 hivi. Kimrija kikiwa kirefu mno, nyuki hutaabika kama mtu aliyefika kisimani na kamba fupi, naye huenda penginepo. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba alizeti zenye vijiua vifupi huzuriwa zaidi na nyuki wa mwituni.

Ua la ufuta ni tofauti. Lina umbo la kengele, na nyuki huingia mzima, mgongo wake ukipakwa chavua. Lakini ua hilo hufunguka alfajiri na kuanguka jioni, hivyo nafasi ya nyuki ni siku moja tu.

Basi mkulima afanye nini? Kwanza, asichague mbegu kwa ukubwa wa kichwa peke yake. Alizeti za jirani zikichanua, aende asubuhi kutazama ni aina gani inayojaa nyuki, na wakati wa kuvuna aulize ni ipi iliyotoa mapepe machache. Pili, aweke mizinga karibu na shamba, mbali kidogo na njia ya watu na mifugo. Tatu, aache kichaka kidogo mpakani, pamoja na magogo makavu na ardhi isiyolimwa, kwa kuwa nyuki wengi wa mwituni hukaa humo. Nne, asinyunyize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Ikiwa hapana budi, aulize kwanza kwa Bwana Shamba dawa isiyowadhuru sana nyuki, akainyunyize jioni wakiisha kurudi mizingani.

Mkulima anayelinda nyuki wake hulinda mafuta yake, tena hupata asali juu yake.