Tezi Dume na Heshima ya Mzee

Makala haya yachunguza jinsi jina la kiungo linavyoweza kubadili namna mtu anavyojiona. Tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo huitwa kwa Kiswahili tezi dume. Jina lake la Kifaransa, ambalo madaktari wa Bukavu hulitumia, lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni «asimamaye mbele»: lataja mahali tu. Kiswahili kimetaja jinsia; tena «dume» ni sifa ya mtu mwenye nguvu.

Hivyo mzee aliyetolewa tezi hiyo kwa ajili ya saratani aweza kudhani ameondolewa uanaume wenyewe. Hata miaka kumi baada ya kupona, mkojo ukivuja au nguvu za kiume zikipungua, huona jina limethibitika. Kumbe tezi hiyo hutoa sehemu ya majimaji ya shahawa tu. Homoni ya kiume hutoka hasa katika korodani, na nguvu hupungua kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyo kando ya tezi imejeruhiwa.

Jakaya Kikwete, akiwa Rais wa Tanzania, alipasuliwa Marekani Novemba 2014, akautangazia umma ugonjwa wake, akaongoza hadi mwisho wa muhula wake mwaka 2015.

Neno «mzee» hutegemea umri na busara, wala si tezi. Twapendekeza basi jina «tezi kibofu», ambalo nalo hutumika, ili neno lisimpokonye mzee kile ambacho kisu hakikugusa.