Jengo Lililofanya Kazi Tatu

Wanangu wa Kitengela na Kajiado, sogeeni karibu. Leo kuna jengo linalotaka kuzungumza nanyi. Mkipanda matatu mpaka Nairobi, mtalikuta pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street. Limejengwa kwa mawe ya kuchonga, na jirani zake ni maghorofa marefu. Ndani yake kuna benki. Linaitwa Kipande House.

"Nilijengwa mwaka 1913," lasema jengo. "Aliyenijenga ni Gurdit Singh. Wakati huo Nairobi haikuwa jiji. Ilikuwa mji mdogo, na reli ilikuwa imefika miaka 14 tu kabla yangu."

Mjomba, mbona kuta zake ni nene hivyo?

Swali zuri sana, mpwa wangu! Jengo hili halikujengwa liwe benki. Lilikuwa ghala la reli. Siku hizo garimoshi lilipita pale ambapo leo magari yanasongamana Uhuru Highway. Na ghala lataka ukuta mnene: mwizi asipenye, mvua isipenye, jua lisiharibu mali.

Na mawe yanashikanaje?

Kitengela hakukosi ukuta unaojengwa. Nenda kamtazame fundi. Hatapanga kiungo, yaani pale mawe mawili yanapokutana, juu ya kiungo. Kila jiwe la juu hulalia mawe mawili ya chini. Sasa pishanisha vidole vya mikono yako miwili, uvikaze, umwambie mwenzako avitenganishe. Ameshindwa? Ukuta nao hushikana hivyo hivyo. Viungo vikifuatana mstari mmoja, ufa hupanda toka chini mpaka juu, usipate wa kuuzuia.

"Kisha nikapewa kazi ya pili," lasema jengo, na sauti yake yapungua. "Wanaume Waafrika wakapangwa foleni mlangoni pangu."

Foleni ya nini, Mjomba?

Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1915. Kila mwanamume Mwafrika, akifika miaka 16, lazima aandikishwe. Vidole vyake vilitiwa wino, vikagandamizwa kwenye karatasi. Karatasi hiyo iliandikwa jina lake, mwajiri wake na mshahara wake. Ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma, naye akakivaa shingoni. Hicho ndicho kipande.

Si ni kama kitambulisho cha Baba?

Mwerevu wewe! Kidogo vinafanana, lakini sikiliza. Kitambulisho cha Baba hupewa kila Mkenya akitimiza miaka 18. Kipande kilikuwa cha mwanamume Mwafrika. Mzungu hakuvaa. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, kazi kwingine hupati. Ukitoroka kazi, unasakwa na kukamatwa. Watu walikataa. Mwanasiasa Harry Thuku alikataa hadharani, na mwaka 1922 akakamatwa kwa siasa zake. Sheria hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1940. Babu wengi walizeeka na kikebe kile kifuani, na mimi kila nikilipita jengo lile nawakumbuka.

"Kazi ya tatu ni hii mnayoiona," lasema jengo. "Mwaka 1976 benki ya KCB ilininunua."

Benki ikakuta kuta nene tayari. Ghala lataka kuficha mali, benki yataka kuficha pesa. Ukuta ni ule ule.

Mbona benki haikulibadilisha jina?

Jina limeachwa lilivyo, nami nafurahi. Lingeitwa jina jingine, wewe usingeniuliza habari ya kipande. Na jengo lenyewe limewekwa katika orodha ya majengo ya ukumbusho wa taifa, halivunjwi ovyo.

Ukienda mjini na Mama, mwamkie kwanza askari wa mlangoni. Kisha weka kiganja ukutani ufuate viungo, jiwe kwa jiwe. Ukiona kimoja kimekaa sawasawa juu ya kingine, njoo uniambie. Mimi bado sijakiona.