Sura ya 4: Saa ya Kudurusu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu, na mtu pekee aliyemfanyia majaribio yake alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazipanga katika orodha, akazikariri hadi akazitaja bila kukosea, kisha akaziacha. Baadaye alizikariri upya na kupima kazi iliyopungua kuliko mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi ile. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, 21. Yaani saa ya kwanza ilimeza zaidi ya nusu, ilhali mwezi mzima uliofuata siku ya kwanza ulimega pointi 13 tu. Usahaulifu huanza kwa kasi, kisha hupoa.

Aliyeziona tarakimu hizo ataona busara kudurusu papo hapo, mara nyingi, kabla somo halijaponyoka. Lakini Ebbinghaus huyohuyo aligundua kuwa marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalifaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Unaporudia jambo ambalo bado umelishika, akili haina cha kutafuta. Likianza kufifia, inabidi ilisake, na msako huo ndio unaoliimarisha. Ndiyo maana kufunga daftari na kujiuliza kuna faida kuliko kulisoma tena. Na kwa kuwa kila msako uliofanikiwa hupunguza kasi ya kusahau, durusu inayofuata inaweza kungoja zaidi ya iliyotangulia.

Mtu atapinga: silabi zisizo na maana zina uhusiano gani na historia au biolojia? Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa chenye maana hukaa zaidi. Hata hivyo, Harry Bahrick alipowapima mamia ya Wamarekani waliojifunza Kihispania shuleni, alikuta sehemu kubwa ya walichosahau ilipotea katika miaka michache ya mwanzo, na kilichosalia kikadumu kwa miongo. Kipimo cha muda kimerefuka, lakini mteremko ni uleule: mkali mwanzoni, mpole baadaye. Mwingine atasema kwamba kukesha usiku wa kuamkia mtihani humfaulisha mwanafunzi. Ni kweli, humfaulisha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano, waliovisoma tena waliwashinda waliojipima kwa kuvikumbuka; baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Mkesha hulipa deni la kesho asubuhi, lakini haumwachii mtu akiba ya muhula ujao.

Basi turudi lini? Jibu hutegemea unataka kukumbuka hadi lini. Nicholas Cepeda na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 uliohusisha watu zaidi ya 1,350, waliona kuwa kwa mtihani wa baada ya siku 7 mwanya bora kati ya kujifunza na kudurusu ulikuwa siku 1. Kwa siku 35, siku 11. Kwa siku 350, siku 21. Hizi si sheria za kila somo na kila kichwa, ila zinaonyesha mwelekeo: safari ikiwa ndefu, pumziko kabla ya durusu nalo lirefuke, ingawa si kwa kiwango kilekile. Wanaohifadhi Kurani wanalijua hili kwa vitendo, maana hawaongezi aya mpya bila kuzirudia za zamani. Kwa hiyo ule ugumu wa kukumbuka, unaomfanya mwanafunzi ajione mzito wa akili, ndio saa yake ya kudurusu. Akirudi kabla haujafika, hupoteza muda. Akingoja hadi hakuna kinachorudi, huanza upya, ingawa, kama Ebbinghaus alivyopima, hata hapo haanzi mikono mitupu.